Ilikuwa Chokaa

Poda niliyodai kwamba inaua bakteria kwa sababu ya udogo wa fuwele zake iliwaua kwa sababu ilikuwa na chokaa. Chokaa hiihii ya kupaka ukutani, ya kumwaga chooni kipindupindu kinapoingia mtaani. Dai langu nililichapisha katika jarida la kimataifa, nikalirudia mbele ya madaktari wa mifupa, na ukweli uliponifikia mkononi nikamtwisha lawama mwanafunzi wangu. Naandika haya kwa ajili ya watafiti wenzangu waliofuata njia yetu ya kutengeneza poda ile, na kwa ajili ya mwanafunzi huyo, ambaye ameniruhusu nieleze yote ila jina lake nilihifadhi.

Nianze na madini yenyewe. Takriban theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu ni madini ya kalsiamu na fosfeti ya jamii iitwayo apatiti, yaliyopangika katikati ya nyuzi za kolajeni kwa vibapa vyembamba vyenye unene wa nanomita chache tu. Maabara inaweza kutengeneza ndugu wa karibu wa madini hayo, haidroksiapatiti, ambayo ina atomi 10 za kalsiamu kwa kila atomi 6 za fosforasi, yaani uwiano wa 1.67. Mwili huipokea bila ugomvi. Tangu miaka ya 1980 wapasuaji wamekuwa wakitumia vipandikizi vya nyonga vya titani vilivyopakwa tabaka la haidroksiapatiti ili mfupa ushikamane navyo, na punje zake hujazwa kwenye mapengo ya mifupa na ya taya.

Sisi tuna sababu zetu za kuitaka. Atakayeingia wodi ya mifupa katika hospitali kubwa za Dar es Salaam atawakuta vijana waliovunjika miguu kwa ajali za bodaboda, baadhi yao mfupa ukiwa umetoboa ngozi. Mfupa wa namna hiyo ukiingiwa na bakteria, hasa Staphylococcus aureus, maambukizi hujichimbia ndani na kutoa usaha kwa miezi, pengine miaka. Kijazio cha mfupa ambacho kingejenga na wakati huohuo kuua bakteria bila antibiotiki ni kitu ambacho mpasuaji yeyote angekipokea kwa mikono miwili. Nilikitamani mno kitu hicho. Sisemi hivyo kujitetea. Nasema kwa sababu matamanio hayo ndiyo yaliyoniongoza kila nilipopaswa kuuliza swali nikanyamaza.

Tulianza na maganda ya mayai. Hilo si jambo tulilolivumbua, maana maabara nyingi duniani hufanya hivyo kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya ganda la yai ni kalsiamu kabonati. Na Dar es Salaam haina uhaba wa maganda. Mwanafunzi wangu alipatana na wauza chipsi wa karibu na hosteli, wakawa wanamwekea ndoo pembeni mwa jiko la chipsi mayai, naye akizipitia jioni. Aliyaosha maganda, akayachemsha, akabandua ule utando mweupe wa ndani kwa ncha ya kidole, ganda moja baada ya jingine, kwa sababu utando ule ni protini na hatukutaka mabaki yake ndani ya poda. Kisha tukayachoma kwa nyuzijoto 900. Kwa joto hilo kabonati hutoa kaboni dioksaidi na kupoteza asilimia 44 ya uzito wake, ikabaki chokaa hai, nyeupe, inayofoka ikiguswa na maji. Ni kazi ileile ya matanuru ya pwani, ambako matumbawe yalichomwa ili kupata chokaa ya kujengea nyumba za Lamu na Kilwa. Sisi tulikuwa na tanuru la umeme na mizani inayosoma miligramu, basi.

Chokaa ile tuliitia ndani ya maji ikawa maziwa meupe, tukaidondoshea asidi ya fosforiki kutoka kwenye bureti, tone kwa tone, huku sumaku ikikoroga chini ya bika. Mwanzoni pH ya maziwa hayo huwa 12.4 hivi. Asidi inaingia na kuingia, namba haitikisiki, mpaka karibu na mwisho ndipo inaporomoka ghafla. Vitabu vinaonya usiiache iporomoke sana, kwa kuwa kwenye asidi utapata fosfeti nyingine usizozitaka. Nikamwelekeza mwanafunzi afunge bureti pH ikifika 11. Nilijiona mwangalifu. Kumbe kufunga bureti pH ikiwa 11 ni kuacha chokaa ambayo haijapata asidi yake.

Halafu kuna punje. Hatukuichekecha chokaa yetu ipasavyo, na punje kubwa ya chokaa ikikutana na asidi hujivika kwanza ngozi ya apatiti, asidi isiweze tena kupenya haraka hadi ndani. Ni andazi lililoiva nje huku unga wa katikati ungali mbichi. Bika likikaa usiku kucha, chokaa ya ndani huvuja polepole na pH hupanda. Mwanafunzi aliliona hilo. Kwenye daftari la maabara, kwa wino wa bluu, aliandika: asubuhi pH imepanda. Chini ya ukurasa huo kuna saini yangu. Nilisaini bila kuuliza imepanda kwa nini.

Tukaosha poda kwa maji ya moto, kwa sababu nilizoea kwamba maji ya moto huyeyusha zaidi. Kwa chumvi nyingi ni kweli, lakini chokaa huenda kinyume. Lita moja ya maji ya kawaida huyeyusha karibu gramu 1.7 za chokaa, na maji yakiwa yanachemka hayafikishi hata gramu 1. Jambo hili nalifundisha mwaka wa kwanza. Nimelisema ubaoni mara nyingi, nikalisahau nilipokuwa nimeinama juu ya sinki la maabara yangu. Mwisho tulikausha poda na kuichoma kwa nyuzijoto 700, tukaitia kwenye vikopo vya plastiki vyenye vifuniko vya kuzungusha.

Ikaja zamu ya vipimo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mtu anayesoma makala yetu ya awali angeapa kwamba poda ilikuwa safi. Mimi mwenyewe niliapa.

Mashine ya eksirei ya kupimia fuwele haipigi picha. Hurusha miale yenye urefu wa wimbi wa nanomita 0.154 juu ya poda, ikapima ni mingapi inarudi kwa kila pembe. Kila aina ya fuwele ina pembe zake, na kwenye karatasi pembe hizo hutokea kuwa vilele. Haidroksiapatiti hutambulika kwa kilele cha nyuzi 25.9 na kundi la vilele vilivyobanana kati ya 31.8 na 32.9. Tena upana wa kilele hueleza ukubwa wa fuwele, maana kadiri fuwele inavyokuwa ndogo ndivyo kilele kinavyotanuka, kwa kanuni aliyoitoa Paul Scherrer mwaka 1918. Kilele chetu cha 25.9 kilikuwa na upana wa nyuzi 0.30. Nilipiga hesabu kwa mkono kabla ya kuiamini kompyuta, nikapata nanomita 27. Hata hapo niliharakisha, kwani sehemu ya upana huo ni ya mashine yenyewe na hupaswa kutolewa kwanza kwa kupima unga wa kulinganishia, kwa mfano ule wa lanthanam heksaboraidi. Sikuitoa. Pia nilikuwa nikiandika “chembe za nanomita 27” wakati kanuni ile inahesabu fuwele, na hadubini ya elektroni ilionyesha wazi fuwele hizo zimeng’ang’aniana katika mabonge makubwa mara nyingi zaidi ya hapo. Hayo ni makosa, lakini hayakumdhuru mtu. Kubwa liko kwenye fomu.

Sampuli zilipimwa nje ya nchi na tulikuwa tukilipia muda wa mashine. Fomu ya maombi ilikuwa na visanduku viwili: pembe ya kuanzia na pembe ya kumalizia. Niliandika 20 na 60. Makala nyingi za haidroksiapatiti zinaonyesha eneo hilo hilo, kwa hiyo sikuhisi kwamba naficha kitu, nilihisi naokoa fedha.

Sasa tazama jinsi chokaa ilivyopita katikati ya vidole vyangu. Poda ilipotoka tanuruni kwa nyuzijoto 700, chokaa iliyobaki ilikuwa hai, na kilele chake kikuu kipo 37.4, ndani kabisa ya eneo nililolipia. Ingepimwa siku ile ingeonekana. Lakini kwa unyevu wa hewa ya Dar es Salaam, na vikopo vyetu visivyobana, na safari ya posta, chokaa hai ilinyonya maji ikawa chokaa iliyozimwa, yaani kalsiamu haidroksaidi, na kile kilele cha 37.4 kikafa njiani. Chokaa iliyozimwa ina vilele vyake viwili vikubwa. Kimoja kipo 34.1, na haidroksiapatiti nayo ina kilele papo hapo, hivyo kimoja kilimfunika mwenzake na mimi nikaona tu kilele cha apatiti kilichonenepa kidogo. Kingine kipo nyuzi 18.0. Pale apatiti haina kilele chenye nguvu cha kuchanganya macho. Kingesimama peke yake, na hata mwanafunzi wa mwaka wa pili angekinyooshea kidole. Mimi nilikuwa nimeanza kupima kwenye nyuzi 20.

Kipimo cha infraredi hakikuficha kitu, nilikificha mimi. Haidroksili ya apatiti hunyonya mwanga kwenye namba ya wimbi 3570 kwa sentimita na ile ya chokaa iliyozimwa kwenye 3640, mstari mwembamba mkali ambao haukosewi. Mchoro wetu ulikuwa na mistari yote miwili. Nilichora mabano juu yake nikaandika “haidroksili”. Wahakiki wa jarida wakapita.

Kisha bakteria. Tulilowesha vidonge vya karatasi kwa poda iliyokorogwa majini, tukaviweka juu ya agari iliyopandwa Staphylococcus aureus, na nyingine iliyopandwa E. coli. Kesho yake kulikuwa na duara safi la milimita chache kuzunguka kila kidonge. Kwa kulinganisha tulitumia haidroksiapatiti ya kununua, yenye chembe kubwa, na yenyewe haikutoa duara. Nikaandika kwamba tofauti ni udogo wa fuwele. Poda ile ya kununua ilitofautiana na yetu kwa ukubwa, kwa chanzo, kwa jinsi ilivyooshwa, na kwa usafi. Nilichagua tofauti moja kati ya hizo, ile niliyoitaka, nikaiita sababu.

Na duara lenyewe lilikuwa likinieleza. Haidroksiapatiti karibu haiyeyuki majini. Fuwele zake haziwezi kutembea ndani ya agari zikamfuata bakteria aliye milimita kadhaa kutoka kwenye kidonge. Duara likitokea, maana yake kuna kitu kinachoyeyuka kimetoka kwenye poda. Hesabu yake ni ya dakika moja: tulikoroga miligramu 50 za poda katika mililita 1 ya maji, na kama poda hiyo ina chokaa asilimia 5 tu, hapo kuna miligramu 2.5 za chokaa, ilhali mililita hiyo haiwezi kuyeyusha zaidi ya 1.7. Maji yale yalikuwa yameshiba chokaa. Pale pH ilikuwa imekwenda 12 na kupita, ambako utando na protini za bakteria huharibika. Madaktari wa meno wamekuwa wakiitumia kalsiamu haidroksaidi kusafisha mizizi ya meno tangu miaka ya 1920, kwa nguvu hiyohiyo. Hakukuwa na nano yoyote katika mauaji yale.

Dalili hazikuishia hapo. Maabara rafiki iliyojaribu poda yetu kwenye seli za mfupa ilituma picha, na katika picha hizo maji ya kukuzia seli, ambayo huwa mekundu, yalikuwa yamegeuka pinki ya kukaribia zambarau. Rangi ile hutiwa makusudi ili ikuonye kwamba pH imepanda. Seli zilikuwa zimejikunja na kubanduka. Nikajibu kwamba dozi ni kubwa, wapunguze. Wakapunguza, seli zikapona, nami nikaandika kwamba tumepata kiwango salama. Halafu poda iliyokaa kabatini muda mrefu ikaacha kuua bakteria. Nikaeleza kwamba fuwele zimegandamana na kupoteza uso wa kufanyia kazi. Leo najua kwamba chokaa ile ilikuwa imenyonya kaboni dioksaidi ya hewani ikarudi kuwa kabonati, ilivyokuwa ndani ya ganda la yai. Kabonati hiyo nayo niliiona kwenye infraredi na nikaisifu, nikasema poda yetu ina kabonati inayofanana na ya mfupa. Kulikuwa na mstari mdogo kwenye 712 ambao ni wa kalsaiti, si wa mfupa. Sikuutilia jina.

Kila jambo kati ya hayo nililipatia maelezo, na kila maelezo yalikuwa ya kitaalamu, yenye makala za kuyaunga mkono. Ndiyo sababu nimeyaeleza kwa urefu. Sikuwa nimekosa elimu.

Siku ya siku mwanafunzi alinipigia mlango wa ofisi.

“Dokta, shikamoo. Samahani kukusumbua, naomba uje uone kitu.”

“Marahaba. Kuna nini tena?”

Alikuwa ameweka kigae cheupe mezani, juu yake vichungu viwili vya poda vilivyoloweshwa maji, chetu na cha kununua. Alichukua fenolfthaleini, ile dawa ya shule ya sekondari ya kupimia besi, akadondosha tone moja kwenye kila kichungu. Kile cha kununua kilibaki vilevile. Chetu kiligeuka pinki iliyokolea, pinki ya waridi, ikaenea mpaka ukingoni mwa unyevu.

“Nadhani ni chokaa, Dokta. Nadhani bado imo ndani.”

Nakumbuka nilichohisi, na halikuwa jambo la mshangao. Ilikuwa ni hisia ya mtu aliyesikia hodi aliyokuwa akiitegemea. Nikasema, “Hukuosha vizuri. Rudia kutoka mwanzo.”

“Sawa, Dokta.”

Aliosha kama nilivyomwagiza mimi, kwa maji niliyomwagiza, na daftari linathibitisha hilo. Jioni, watu walipoondoka, nilifungua kabati nikatoa kopo lililobaki la poda ya makala, mimi peke yangu, nikaweka kijiko kidogo kwenye kigae na kudondosha tone. Ikawa pinki, hafifu kwa sababu poda ilikuwa ya zamani, lakini pinki. Nikafuta kigae kwa karatasi. Nikarudisha kopo mahali pake.

Tangu saa ile sikuwa tena mtu aliyekosea kipimo, nilikuwa mtu anayejua na kunyamaza. Tofauti hiyo naiona kubwa kuliko yote mengine niliyoandika hapa. Ripoti ya ruzuku ilikuwa inadaiwa, nikaipeleka ikiwa na dai lilelile. Katika kikao cha idara nilipoulizwa kwa nini mwanafunzi amechelewa, nilisema mikono yake bado haijatulia katika kazi za maabara. Maneno hayo yaliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Mahafali ya wenzake yakapita yeye akiwa anabandua utando wa maganda ya mayai upya. Ada yake ilikuwa ikilipwa na kaka yake, mtu wa dukani, ambaye kwa uongo wangu alilipa mwaka mwingine.

Kilichonisimamisha ni ujumbe wa simu. Mpasuaji mmoja aliyenisikiliza kwenye mhadhara aliandika kwa adabu kabisa: Dokta, habari za kazi, tunaweza kupata gramu chache tuanze na sungura? Alikuwa ameniamini. Alikuwa na barua ya kamati ya maadili tayari. Nikaisoma nikaona kitakachotokea: poda inayogeuza maji kuwa pH 12 inatiwa ndani ya mfupa ulio wazi, inaunguza nyama hai, na mnyama hawezi kusema. Baada ya sungura kungekuwa na kondoo, na baada ya kondoo kijana wa bodaboda. Namshukuru Mungu kwamba haikufika kwa kiumbe chochote. Lakini siwezi kusema kwamba ni mimi niliyeizuia tangu mwanzo. Ilibaki kabatini kwa sababu mtu aliomba kwanza.

Nilimjibu mpasuaji siku hiyohiyo, nikamwambia poda ina chokaa na dai langu si kweli. Alinipigia. Aliuliza maswali mawili matatu ya kitabibu, kisha akasema atawaarifu wenzake. Sauti yake haikuwa na hasira, nami nilitamani ingekuwa nayo.

Kesho yake nilimwita mwanafunzi nikamwomba radhi, kwa maneno kamili: kwamba alikuwa sahihi, kwamba nilijua jioni ileile, kwamba nilimsingizia kikaoni. Alikaa kimya. Kisha akasema, “Nilijua, Dokta. Lile kopo la kabatini nililipima kabla sijakuita.”

Hakuwa amekuja kuuliza. Alikuwa amekuja kunipa nafasi ya kusema mwenyewe, kwa heshima ambayo mwanafunzi wetu humpa mwalimu wake, na mimi nikaitumia heshima hiyo dhidi yake. Katika kikao kilichofuata nilisimama nikafuta maneno yangu, nikaomba kumbukumbu zirekebishwe, na zikarekebishwa. Mwaka haurekebishiki. Kaka yake nilimfuata dukani. Alinipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho, akasema ameelewa. Ada ya mwaka ule nimeirudisha.

Kuhusu jarida kulikuwa na ubishi kati yetu waandishi. Mmoja aliona tupeleke masahihisho tu, kwa hoja kwamba haidroksiapatiti ipo kweli ndani ya poda na vipimo vya fuwele ni vya kweli. Sikukubaliana naye wakati ule na sikubaliani naye sasa. Msomaji hakuja kwenye makala ile kujifunza kwamba apatiti ni apatiti, alikuja kwa sababu ya bakteria. Jambo la kati likiwa uongo, kurekebisha pembezoni ni kumwacha msomaji mwingine atumbukie. Tuliomba makala iondolewe, tukaeleza sababu bila kuzungusha, na ikaondolewa. Wenye ruzuku nao waliandikiwa. Masharti waliyonipa tangu hapo ni ya haki.

Sasa kazi inafanywa hivi. Chokaa inachekechwa kwanza. Asidi inadondoshwa hadi pH 9, bika linalala, asubuhi pH inapimwa tena, na kama imepanda asidi inaongezwa. Hakuna anayeosha chochote mpaka pH ilale na kuamka palepale. Maji ya kuoshea ni baridi. Poda ikitoka tanuruni inapimwa chokaa siku hiyohiyo, kabla hewa haijaigusa sana. Mashine ya eksirei inaanza nyuzi 10, na ikibidi tunapunguza idadi ya sampuli ili kulipia muda huo. Viwango vya kimataifa vya haidroksiapatiti ya vipandikizi, ISO 13779, vimeweka wazi kwamba awamu nyingine za fuwele zitafutwe na zipimwe. Vilikuwepo tangu zamani, na nilivitaja katika utangulizi wa makala yangu bila kuvifuata. Upande wa bakteria, kila jaribio lina sahani ya chokaa tupu, na sahani ya poda yetu iliyorudishwa pH 7. Kama duara linatoweka pH inaporudishwa, hatuiti kitu hicho nguvu ya fuwele.

Poda safi ina fuwele zilezile, ukubwa ni uleule baada ya kutoa upana wa mashine. Bakteria wanaota hadi ukingoni mwa kidonge, wanakigusa. Seli za mfupa zinatandaa juu yake na maji yanabaki mekundu. Ni kijazio kizuri cha mfupa kisichoua bakteria hata mmoja. Mwanafunzi ndiye aliyeandika hayo katika tasnifu yake, na jina lake ndilo la kwanza katika makala tuliyoipeleka kwenye jarida. Langu ni la mwisho, na mstari wa kwanza unaitaja makala iliyoondolewa.

Kwa mtafiti aliyepokea poda kutoka kwetu: kopo lolote lenye tarehe ya kabla ya makala kuondolewa lisiguse seli wala mnyama. Kama ulitengeneza yako kwa maelekezo yetu, weka kidogo kwenye kigae cheupe, lowesha, dondosha fenolfthaleini, kisha rudia kipimo cha eksirei kuanzia nyuzi 10 utazame penye 18.0. Poda ya zamani inaweza kukudanganya kwa kuwa kabonati, kwa hiyo ichome tena kwa nyuzijoto 900 kabla ya kuipima, na uipime ikiwa bado na uvuguvugu, ukitazama penye 37.4, maana chokaa yake itakuwa hai. Na kama umekwisha kuchapisha ukilitegemea dai langu la bakteria, niandikie. Barua yako kwa jarida nitaisaini pamoja nawe, na jina langu liwe la kwanza.